Bei ya Shoti

Jumanne na Alhamisi, saa moja jioni,
tunapanda ngazi za shule ya msingi
na kukalia viti vya watoto, magoti karibu na videvu:
Zurabi fundi viatu, Tsiala wa duka la dawa,
na mimi, Lamara, muoka mikate wa nyuma ya kituo cha treni,
unga ungali kwenye kope zangu.

Mwalimu Nestani ni mdogo kuliko binti yangu.
Anachora ubaoni mistari miwili inayopishana
kama mkasi ulioachwa wazi.
"Huu ugavi," asema. "Haya mahitaji.
Inapokutana, hapo ndipo bei hukaa."
Nikanyosha kidole.
Mwalimu, kwangu bei haijawahi kukaa.
Husimama mlangoni na koti lake,
tayari kuondoka.

Darasa likacheka. Yeye aliandika kitu pembeni ya daftari.

Alfajiri yake, nimeinama kichwa ndani ya tanuri,
nikibandika shoti kwenye ukuta wa udongo,
nilihesabu upya:
unga, chumvi, gesi,
kodi ya mwenye chumba, kodi ya mwenye nchi,
na usingizi, ambao hakuna aliyewahi kunilipia.
Kitabu kinauita gharama ya fursa.
Mimi nauita miaka ishirini na sita.

Donge lilikuwa linaumuka chini ya kitambaa.
Mfumuko wa bei nao, nadhani, huanza hivyo:
kimya, mahali penye joto,
na ukifunua umechelewa.

Wiki ya tano tukafika kwenye serikali.
Nikakumbuka mwaka ule halmashauri ilipofunga bei ya mkate.
Tangazo lilibandikwa kiooni kwangu, kwa gundi mbaya.
Mwenye unga akasema hana unga,
na mjini kila mtu alijua ghala lake lina kufuli jipya.
Foleni ilifika kwenye daraja la Rioni.
Nikafanya nini?
Nikapunguza mkate, unene wa kidole tu.
Bei ikatii sheria. Mkate haukutii.

Mzee Guram, mstaafu wa reli,
aliupima wake kiganjani, akanitazama,
akauweka kwapani, akaenda zake.
Kesho yake alirudi. Angeenda wapi?

Haya niliyasema darasani, sijui kwa nini.
Tsiala akarukia: "Unaona? Soko liachwe lijiendee!"
Zurabi alikuwa akichokoa gundi kwenye kucha.
"Kabla ya tangazo lile," akasema bila kuinua uso,
"mama yangu alikula mkate siku moja, akaruka moja.
Wa kwako mwembamba aliula kila siku."

Nestani akashika chaki.
Akaitazama ile mistari miwili.
Akaiweka chaki chini.

Njiani nikasimama chini ya taa ya darajani.
Hakuna anayeuza mwanga ule, wala anayeweza kuufungia dukani.
Mbwa alikuwa amelala katikati yake,
asiyelipa hata tetri moja,
na mimi ninayelipa nilikuwa wa kulalamika.
Nikapiga hesabu kwa vidole:
kwa kodi yangu ya miaka yote,
pale juu huenda namiliki skrubu.
Skrubu mbili, nikijipendelea.
Lakini ikizimika, giza litakalonipata
halitakuwa la skrubu mbili.

Mtihani ulikuwa na swali moja la mwisho:
Eleza kazi ya serikali katika uchumi. Mistari mitano.
Zurabi aliomba karatasi ya ziada.
Tsiala alimaliza kwanza, akatoka akifunga vifungo.
Mimi niliandika: Kuwasha taa.
Nikaandika: Kuvunja kufuli la ghala, au angalau kugonga mlango.
Nikaandika: Kukagua mizani, pamoja na yangu.

Nikafuta pamoja na yangu.
Dirishani treni ya Batumi ilikuwa inaingia.
Nikaandika tena.